Mwalimu Yusto Sichilima na Saa Yake ya Muziki wa Klasiki

Mwalimu Yusto Sichilima alizaliwa tarehe 4 Juni 1957 kijijini Mpui, mtoto wa tatu wa Mzee Christopha na Mama Bertha Sichilima.

Baada ya shule ya msingi hapo Mpui aliingia seminari ndogo. Huko alijifunza kupiga kinanda, na kwenye redio ya padri mlezi akausikia kwa mara ya kwanza muziki wa klasiki. Upadri ulimshinda, muziki ukabaki. Alihitimu ualimu mwaka 1979, akafundisha Kabwe, kisha Sumbawanga mjini, hadi alipostaafu mwaka 2017.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Mama Monika. Bibi harusi alikuwa na sharti moja, kwamba redio isiwashwe wakati wa kula. Mwalimu alikubali mbele ya washenga, na hakulitimiza hata siku moja.

Alipostaafu, redio ya jamii hapa mjini ilimpa saa moja kila Jumapili jioni. Kipindi cha kwanza, tarehe 4 Machi 2018, alikifungua kwa vinanda vya taratibu bila kusema neno. Nchi hii imezoea kwamba redio ikipiga hivyo, mkubwa fulani amefariki. Sokoni watu walisimama. Mzee Muhidin alifunga duka la vitenge, akapiga simu studio.

“Mwalimu, tuambie tu. Ni nani?”

“Ni Mjerumani mmoja.”

“Maskini! Amefia wapi?”

“Huko huko kwao, Mzee wangu. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.”

“Sasa mbona mnatutangazia leo?”

Tangu hapo kila kipindi alikianza hivi: “Shikamooni wazee, hakuna msiba. Kaeni tusikilize.” Waliomwambia kwamba muziki huo ni wa Wazungu aliwajibu kwamba hata mahindi yalitoka ng’ambo, na hakuna Mfipa anayeuita ugali chakula cha wageni. Alikuwa sahihi. Kizuri ni cha kila mwenye masikio, na anayesema mkulima hawezi kukielewa anamdharau mkulima.

Mwaka 2023 uongozi wa redio ulitaka saa ile iende kwa matangazo ya biashara. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuugua saratani ya tezi dume, lakini alikwenda kwenye kikao, na wasikilizaji wakamfuata. Bundala, mfugaji wa Mpui, alisimama akasema: “Mimi hata jina la hicho kinanda silijui. Ila wiki nzima redio inanipigia kelele ninunue hiki, ninunue kile. Saa hiyo moja tu ndiyo hainiuzii kitu. Na hiyo nayo mnaiuza?” Kikao kilicheka, kisha kikakubali kipindi kibaki, kwa sharti kwamba Mwalimu aandae mrithi; mrithi akikosekana, kipindi kitakufa na Mwalimu.

Akamchagua Naima Rahim, mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la sita. Mwalimu alitibiwa hapa Sumbawanga na Mbeya, na kati ya safari hizo alikaa na Naima studio. Jumapili ya tarehe 9 Novemba 2025 Naima alitangaza peke yake. Mwalimu alimsikiliza kitandani hadi mwisho.

“Anaongea mno huyu,” akasema.

“Kama wewe,” akajibu Mama Monika.

“Basi kipindi kimepona.”

Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri, akiwa nyumbani kwake.

Ameacha mjane, Mama Monika, watoto watatu, Jenifa, Evodia na Kelvin, wajukuu saba, na dada yake, Mama Mboje. Jumapili hii saa kumi na moja jioni Naima atakuwa hewani kama kawaida. Familia inaomba mtakaokuwepo msibani msizime redio kwa heshima ya marehemu. Iwasheni, na sauti iongezwe.

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu wetu na kumpumzisha kwa amani. Amina.