Tunakuomba Usifungue Bomba Hili

Risala ya wanakijiji wa Kijiji cha Ujamaa Kwelusonge, Wilaya ya Handeni, kwa Mgeni Rasmi wa sherehe ya kufungua mradi wa maji. Msomaji: Hamisa Mhina, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima.

Ndugu Mgeni Rasmi,

Karibu sana, wewe na wote uliofuatana nao, na hasa hawa wageni wa nchi rafiki waliotoa mabomba. Vumbi la barabara ya kutoka Kabuku limekupokea kabla yetu. Utusamehe; tungelinyunyizia maji kama tungekuwa nayo.

Kabla hatujaendelea, tukujulishe kwamba iko risala nyingine. Iliandikwa kwa niaba yetu huko ofisini, ikapigwa chapa, na ndani yake tunashukuru mpaka tunachoka. Hiyo hatuisomi. Hii tumeitunga wenyewe katika darasa la kisomo, na darasa zima tunaijua kwa moyo. Akitokea mtu wa kumnyang'anya Hamisa karatasi, ataendelea Justa. Justa akinyamazishwa, ataendelea Mzee Mdoe, ambaye akikohoa hapa wanaitikia Chanika. Kwa hiyo ni heri tusikilizwe mara moja, jua lisituchome bure.

TULIKOTOKA

Tulihamia hapa wakati wa Operesheni Vijiji. Wengine tulitoka mabondeni kando ya mto, wengine ni watoto wa manamba waliokuja kukata mkonge wakalowea. Tusidanganyane, hatukuja kwa vigelegele. Tuliambiwa: tokeni huko mabondeni, njooni barabarani, maji ya bomba yatawafuata. Bi Mashavu, mjane wa Mzee Semboja, alikuwa wa mwisho kupanda lori, naye alikuwa ameukumbatia mtungi wake wa maji. Wakamwambia auache, huko aendako maji yatakuja yenyewe. Akauliza, "Yakija nitayapokelea wapi, viganjani?" Akapanda nao, ameupakata kama mtoto.

Mtungi huo tunautaja kwa sababu maalumu. Bi Mashavu huufukiza ubani kabla ya kuujaza, kama alivyofanya mama yake. Wajukuu humcheka, husema bibi anawatilia marashi kwenye maji. Yeye huwajibu kwamba maji ya lambo letu wameshayaoga ng'ombe, na ubani humsaidia mtu kuwasahau hao ng'ombe. Nyumba nyingine zote tuliacha mambo hayo zamani, maana ubani nao hununuliwa.

MAFANIKIO

Mafanikio tunayo. Tulichimba mtaro kutoka hapa mpaka kwenye bomba kuu, kwa majembe na sururu, kiangazi kizima, wanaume na wanawake, bila senti. Waliokuwa na mimba walipika uji. Hakuna aliyesukumwa. Mtu akichimba njia ya maji ya mtoto wake hahitaji nyapara.

Mabomba yalipofika, tuliambiwa kuyalaza na kuyafukia ni kazi ya kitaalamu, sisi twende tukapande mahindi katika shamba la ujamaa. Tukaenda. Tuliporudi tukakuta mtaro umefukiwa na udongo umeshindiliwa vizuri. Tulipiga vigelegele, Ndugu Mgeni Rasmi. Tuliupigia vigelegele udongo.

MATATIZO

Wiki iliyopita Bwana Msimamizi wa mradi, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa yupo hapo jukwaani na anajijua, aliagiza kila nyumba itoe maji ya mtungini. Alisema ni aibu mgeni afike akose hata maji ya kunawa. Alitupata pabaya. Kwetu mgeni hata akija na habari ya ugomvi, kwanza hupewa maji. Tukabeba madebe mpaka kwenye tangi hili unaloliona, tukampa fundi aliyekuwa juu ya ngazi. Bi Mashavu aliuinamisha mtungi wake mpaka tone la mwisho, akalala na kiu yake na moyo mweupe.

Juzi ikawa siku ya majaribio. Koki ikafunguliwa, maji yakatoka! Kijiji kikalia kwa furaha. Bi Mashavu akapewa heshima ya kunywa kwanza, akapiga magoti, akakinga viganja.

Tukuambie alikuwa anamfikiria nani. Alikuwa anamfikiria mkwe wake, Tatu. Mwezi wa Ramadhani Tatu alijifungua njiani, akitoka lamboni na debe kichwani. Bi Mashavu alipomfuata alikuta mtoto analia mchangani, na debe limewekwa kando, limejaa, halijamwagika tone. Alipoliona debe ndipo alipolia. Mwanamke yumo katika uchungu wa kuzaa, na bado anaogopa kumwaga maji! Tangu siku hiyo hakuomba kitu kingine kwa Mungu isipokuwa bomba hili.

Basi akanywa. Kwanza alidhani ni viganja vyake vinanukia ubani, akavisugua kwa mchanga, akakinga tena, akanusa, akanywa tena.

"Mwanangu," alimwambia Bwana Msimamizi, "haya maji ni yangu."

Bwana Msimamizi akacheka. "Bibi, maji ya bomba yanatiwa dawa. Hiyo ndiyo harufu yake."

"Na hiyo dawa imejuaje njia ya mtungini kwangu?"

Watu wakacheka, halafu kicheko kikafa kimoja kimoja. Wengine tulimwambia anyamaze asitutie aibu. Yeye akamwendea Yordani, kijana wetu aliyeajiriwa kibarua cha mradi, akamshika mkono mbele ya watu. "Wewe nilikukanda maji ya moto ulipozaliwa," akamwambia. "Bomba hili linatoka wapi?" Yordani akatazama chini. Akasema, "Bibi, halitoki mahali."

Wanaume wakachukua majembe, wakachimba hapo nyuma ya tangi. Bomba likaonekana. Lilikwenda urefu wa kitanda, likaisha, mdomo wake umezibwa kwa gunia. Mbele yake ulikuwa udongo mtupu, ule ule tulioupigia vigelegele.

Mabomba mengine yako wapi? Yordani anasema lori lilishika njia ya Korogwe, na kwamba mengi aliyashusha kwa mikono yake kwenye shamba la mtu, chini ya Vugiri, ambako kabichi zinanyweshwa asubuhi na jioni. Jina la mwenye shamba atakutajia hapa hapa, ukimwuliza. Hatutaki kukunong'oneza. Minong'ono ndiyo iliyotufikisha hapa.

Jana tukaletewa robota la vitenge, sare ya akina mama kwa sherehe, na maneno mazuri juu yake. Tuliambiwa: mkilichafua jina la mradi, wafadhili watakimbia, na vijiji vingine vitakosa maji kwa ajili yenu. Maneno hayo yalituuma, kwa kuwa yana sura ya huruma. Bi Mashavu ndiye aliyeyajibu. Alisema, "Aliyetuchinjia ng'ombe hakimbizwi na mtu anayeuliza nyama iko wapi. Anakimbizwa na aliyeila." Robota lenyewe ni hilo hapo mezani mbele yako, na kamba yake haijafunguliwa. Ndiyo sababu unatuona akina mama tumevaa kanga hizi za kuchotea maji.

Tuliambiwa pia kwamba atakayesema ataandikwa kuwa mpinga maendeleo. Aandikwe. Ila kalamu iwe na wino wa kutosha, maana tuko kijiji kizima. Ahadi ya mwanachama wa TANU tuliikariri kabla hatujajua kusoma: rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Tulidhani ni maneno ya wakubwa, sisi kazi yetu ni kuitikia. Jana, robota lilipowekwa miguuni mwetu, ndipo tulipojua kuwa yalikuwa yetu.

MAOMBI

Ndugu Mgeni Rasmi, umeletwa hapa kufungua bomba. Tunakuomba usilifungue.

Ukilifungua maji yatatoka, hilo hatubishi. Utapigwa picha, utepe utakatwa, na katika nchi ya hawa wageni wetu watu waliochanga fedha zao watafurahi kwamba Kwelusonge wanakunywa. Kuanzia hapo hatutakuwa na kiu tena katika hesabu za mtu yeyote. Tatu atakwenda lamboni na debe, huku mahali fulani imeandikwa kwamba ana bomba mlangoni. Tutamlalamikia nani?

Tunaomba mabomba yatafutwe yalipo, yarudishwe, na aliyeyauza asihamishiwe wilaya nyingine akawafundishe wengine. Yakirudi, tutauchimba mtaro upya. Mikono tunayo. Lakini safari hiyo yashushwe mbele yetu, yalazwe mbele yetu, na asitokee mtaalamu wa kutupeleka shambani. Na ninyi wageni wetu wa nje, mkitaka kujua msaada wenu umefika, msimwulize aliyeubeba. Tuulizeni sisi tuliotakiwa kuupata. Kiswahili chetu mtatafsiriwa, na Hosiana, mwalimu wetu wa kisomo, yuko tayari kuifanya kazi hiyo sasa hivi.

Hatukuombi uyaamini maneno yetu matupu. Bi Mashavu huyo anakuja mbele yako na kata ya maji. Ameyachota alfajiri, ameyatia katika mtungi uliofukizwa, maana mgeni hanyimwi maji hata siku tunayomnyima sherehe. Tunakuomba unywe kwanza. Kisha ngazi ile pale, Yordani na Mdoe wataishika. Panda, funua tangi, uinamishe pua yako.

Harufu ikiwa tofauti, shuka ufungue bomba, na sisi tutapiga makofi na kuomba radhi. Ikiwa ni ile ile, shuka bila kugusa koki, uwaambie hawa wageni ulichonusa.

Mungu akupe afya, akujalie pua nzima na ulimi usiofungwa. Nasi atujalie siku moja kunywa maji ambayo hatukuyabeba kichwani.

Ni sisi, tuliosimama mbele yako na kanga zetu za kuchotea maji,

Wanakijiji wa Kijiji cha Ujamaa Kwelusonge.

Bi Mashavu, mpe mgeni maji.