Fundi Sindano na Kabureta ya Pampu ya Kitaluni

Leo, Ijumaa tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mwandamizi wa karakana yetu anavua ovaroli kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Sindano. Jina hilo limetokana na ile sindano ndogo inayofunga na kufungua petroli ndani ya kabureta, ambayo amekuwa akiichomoa, kuitazama kwenye mwanga na kuirudisha mahali pake tangu baadhi yetu hatujaota ndevu.

Mkurugenzi aliniomba mimi, Mkuu wa Stoo, niandike wasifu huu. Afisa utumishi akanipa jalada la Fundi ili nisikosee tarehe, na akanieleza kwamba Cheti cha Utumishi Uliotukuka hakitakuwepo mezani, kwa kuwa kanuni hairuhusu kumpa mtu mwenye barua ya onyo. Barua hiyo ni moja tu, ya miaka kumi na moja iliyopita. Nitaifikia, maana ndiyo iliyoniharibia wiki nzima.

Fundi aliajiriwa kama mwosha vipuri. Wakati huo kituo chetu cha utafiti kilikuwa na matrekta manane, matatu kati yake ya petroli, likiwemo lile linaloitwa Bibi, ambalo hakuna aliyekuwepo lilipoletwa. Kabureta ya Bibi haitengenezwi tena popote. Fundi aliikuta imefungwa kwa waya na kipande cha mpira wa baiskeli. Aliifumua yote, akaiosha, akakata gasketi mpya kwa mkono kwa kugonga karatasi taratibu kwenye kingo za chuma, na siku ya tatu Bibi aliondoka karakanani akiwa anavuta plau. Hapo ndipo walipomtoa kwenye karai la kuoshea wakampa meza yake mwenyewe.

Mimi nilikuja miaka mingi baadaye, nikiwa na stashahada ya ugavi na imani moja: kilichochoka kitolewe, kipya kifungwe. Mafundi hawakukawia kunibandika jina la Bwana Badilisha. Sikuwa mjinga kabisa. Kabureta mpya inatoka kwenye boksi, inafungwa kwa chini ya saa moja, trekta linarudi shambani. Kuikarabati ya zamani kunakula siku nzima, wakati mwingine mbili, na msimu wa kulima haumsubiri mtu. Fundi naye alikuwa na hoja zake. Alisema mara nyingi hakuna kilichokufa ndani ya kabureta, ni uchafu na gasketi iliyokauka. Alisema kabureta nyingi za siku hizi zinafanana na za zamani kwa macho tu, matundu yake hayalingani, na injini iliyofungiwa tundu dogo inakimbia na njaa ya petroli mpaka inaungua.

Tulibishana dirishani pa stoo kwa miaka. Wapo waliokuwa wanakuja na chai yao kutusikiliza.

Ukitaka kumjua Fundi, mtazame akipima boya, lile kopo dogo la shaba linaloelea kwenye petroli. Analizamisha kwenye maji ya moto na kusubiri. Likitoa kiputo, lina tundu. Analiziba kwa tone la risasi iliyoyeyushwa, dogo kabisa, kwa sababu boya likizidi uzito linazama na petroli inafurika. Matundu ya jeti, vile vijibomba vinavyopima petroli, anayazibua kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba. Aliyethubutu kuingiza waya wa chuma humo alisomewa risala ambayo hataisahau, maana chuma kinapanua tundu na tundu likishapanuka halirudi.

Ila msimfanye king'ang'anizi. Kabla ya kufungua chochote alikishika kile kijiti kinachozungusha kipepeo cha hewa, akakitikisa. Kikiwa kinacheza kwenye tundu lake, basi mwili wenyewe umelika, hewa itapenya, na hakuna kuosha kutakakosaidia. Hapo alisema mwenyewe, "Huyu kaisha, tumwache apumzike," akaja kwangu kuomba mpya bila kinyongo. Nimehesabu kwenye vitabu vyangu. Katika kila kabureta kumi alizoshika, saba alizikarabati na tatu alizibadilisha. Alikuwa akiamua kila moja kwa hali yake, na mimi nilikuwa na jibu moja kwa kila swali.

Ucheshi hakuupungukiwa. Mashine ya kukata nyasi ya ofisi kuu ilipogoma baada ya mvua ndefu, dada wa mapokezi alitangaza kwamba imekufa na ombi la kununua nyingine likaanza kuandikwa. Fundi alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akamwambia, "Dada yangu, haijafa hii, imelewa. Mmeinywesha petroli ya mwaka jana." Kabla ya saa ya chai ilikuwa inakata nyasi, na ombi likatumika kufutia meza.

Sasa naifikia barua.

Miaka kumi na moja iliyopita, katikati ya kiangazi, Fundi alichukua likizo kwenda kumuuguza mama yake. Wiki moja kabla ya kuondoka alikuwa amekarabati kabureta ya pampu ya kitaluni, ile inayopeleka maji kwenye miche. Siku ya nne ya likizo yake mama wa kitalu, yule anayeitunza miche, alikuja kuniambia kwamba injini inakohoa kidogo asubuhi. Ilihitaji kuzungushiwa skrubu moja tu. Lakini kwenye rafu yangu kulikuwa na kabureta mpya ambayo kwa miezi hakuna fundi aliyeitaka, na iliniuma kila nilipoiona. Mimi si fundi, ila spana najua kuishika. Niliitoa kabureta ya Fundi, nikaiweka kwenye droo ya meza yangu, nikafunga ile mpya. Injini iliwaka kwa mvuto mmoja. Nikajisemea moyoni: akirudi nitamwonyesha.

Sikuandika popote. Mimi niliyekuwa siwezi kutoa hata nati moja bila fomu nilitoa kifaa kwenye stoo yangu mwenyewe bila karatasi.

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, boya la kabureta ile mpya lilikwama. Petroli ilifurika ikadondokea kwenye bomba la moshi, na pampu ikashika moto. Mama wa kitalu aliuzima kwa mchanga, na Mungu alisaidia hakuna aliyeumia. Lakini zilipita siku tano za jua kali kabla hatujapata pampu ya kuazima. Miche zaidi ya elfu thelathini ilikauka, pamoja na ile ya kubebesha, iliyounganishwa mmoja mmoja kwa mkono, iliyochukua kazi ya miaka miwili. Nilimwona mtafiti wetu wa miti, mtu mzima na heshima zake, akilia hadharani mbele ya matuta yaliyokauka.

Kamati iliundwa. Kitabu cha karakana kilionyesha kwamba wa mwisho kuigusa injini ile ni Fundi, na kazi yenyewe ilikuwa kukarabati kabureta. Waliniuliza kama stoo ilitoa kabureta mpya. Nikajibu kwamba kwa mujibu wa kitabu cha stoo, haikutoa. Mkataba wangu ulikuwa unamalizika mwezi uliofuata na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nayasema haya ili muelewe nilikuwa naogopa nini, wala si kujitetea.

Fundi aliitwa kabla likizo haijaisha. Walimwekea injini iliyoungua mezani kwake, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana. Aliifungua kabureta akaigeuzageuza kiganjani. Hata ikiwa imeungua, mtu aliyekata gasketi kwa mkono miaka yote ile anaijua isiyo yake. Aliinua macho akanitazama. Nilingoja anitaje. Badala yake akauliza, "Shemeji anaendeleaje?"

Nikamjibu kwamba mke wangu yuko salama. Akaitikia kwa kichwa, akafuta mikono, akaenda kwenye kamati.

Alitoka huko na barua ya onyo. Nafasi ya usimamizi wa karakana, ambayo kila mtu alijua kwamba ni yake, alipewa mwingine. Fundi akamfundisha huyo kazi, kisha akamfundisha aliyemfuata. Sijawahi kumsikia akilalamika, na mimi nilikuwa najiambia kwamba pengine hakuitambua ile kabureta.

Nilikuwa najidanganya, na nilijua. Miezi mitatu baadaye, injini iliyoungua ilipokarabatiwa, nilifungua droo yangu nikakuta kabureta niliyoiweka humo haimo. Droo ile haikuwa na kufuli, na Fundi alizoea kuchukua kalamu humo. Nilikwenda mpaka kitaluni. Nikaikuta imefungwa kwenye pampu, inafanya kazi. Hajawahi kuniambia neno lolote juu yake, wala mimi sikumwuliza. Mtoto wetu alipozaliwa, yeye na mkewe walikuwa wa kwanza kuja kututazama. Leo mtoto huyo anamwita Baba Mkubwa.

Wiki hii, kwenye jalada, ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza maelezo aliyoipa kamati. Yako kwa mwandiko wake, mistari miwili. "Pampu ya kitaluni iko chini yangu. Niliondoka bila kumwachia mtu maelekezo, na kwa hilo nawajibika." Nimeyasoma mara nyingi. Hakuna mahali aliposema kabureta ile ilikuwa yake. Aliniokoa bila kusema uongo hata mmoja, na mimi nilimzamisha kwa jibu ambalo kitabuni lilikuwa sahihi.

Jumatatu nilimpelekea Mkurugenzi barua ya kukiri. Jumanne alimwita Fundi athibitishe, ili jalada lirekebishwe na cheti kiandaliwe. Fundi akajibu kwamba miaka mingi imepita na hakumbuki. Huyu ni mtu anayejua namba ya jeti ya kila trekta bila kufungua kitabu, na mwaka ambao kila moja lilibadilishiwa gasketi. Bila neno lake, Mkurugenzi aliniambia, suala litabidi lirudi kwenye kamati, na kamati haiwezi kukaa kabla ya leo. Nilimwomba basi aniruhusu niandike wasifu huu nitakavyo. Akaniambia niandike.

Kwa hiyo nashuhudia mbele ya wote. Fundi anakumbuka. Amekataa kunitaja hata nilipojitaja mwenyewe, kwa sababu anajua kwamba nimebakiza miaka minne na mtoto bado yuko shule. Kitakachonipata kitaamuliwa na wanaohusika, na nitakipokea.

Karakana inakushukuru, Fundi, kwa matrekta uliyoyarudisha shambani, kwa mafundi uliowafunza, na kwa uvumilivu wako kwa watu wa stoo. Tunamshukuru Shemeji, mkeo, aliyezifua ovaroli zile zenye harufu ya petroli miaka yote hii. Watoto wako, ambao wamekaa hapa mbele leo, wajue kwamba baba yao hakuunguza pampu wala hakukausha miche.

Mimi nakuomba radhi. Nafasi uliyoikosa siwezi kukurudishia, na sijui kama msamaha unaombwa hivi, kwenye karatasi iliyochapwa, lakini ana kwa ana nimejaribu mara tatu wiki hii na kila mara umeniuliza habari za nyumbani.

Umenibeba miaka kumi na moja, Fundi. Inatosha. Nenda ukapumzike na mkeo, upate afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya kucheka. Onyo lile lilikuwa langu.