Kikombe cha Pili

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Mpuguso. Mimi Tupokigwe shule sikufika mbali, lakini alilonitendea Mungu nalikumbuka lote.

Mnakumbuka miaka ile ya kupangia sukari foleni. Biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa, tukaanza kupendana kwa sukari. Mgeni akija, vijiko vinne. Ukikataa, mwenyeji anasikia umesema ameweka sumu.

Rafiki yangu Atuganile, mama Lusajo, tuliolewa mwaka mmoja. Kila jioni nilikunywa chai kwake.

Nikashikwa na kiu isiyoisha. Nikajikata kidole cha mguu kwa jembe, kidonda kikagoma kupona. Hospitalini Makandana wakanipima: kisukari. Nikapewa vidonge, nikaambiwa niache sukari. Nyumbani niliacha kabisa. Chai ya sukari ya kwa watu niliendelea kuinywa, nikisema moyoni hiyo ni heshima tu, haidhuru. Ndugu zangu, kidonda kikaanza kunuka.

Nesi Zuhura akaniuliza, "Bibi, mguu huu unautaka?"

"Nautaka. Ndio unaonifikisha kwa Atuganile."

"Basi chai ya Atuganile uiache, la sivyo utakatwa."

Nikaomba Bwana aniondolee ugonjwa. Hakuuondoa. Alinipa mdomo. Jioni ile nikasema, "Mama Lusajo, nina kisukari. Usinitilie sukari."

Nilikuwa nimemficha, akaona nasingizia. "Jana ulikunywa. Leo chai yangu ina nini?" Akaimwaga nje.

Masika yote hakukanyaga kwangu. Kidonda kikakauka, nikabaki na mguu mzima usio na pa kwenda. Nikisikia anacheka ng'ambo ya migomba, nilikuwa naacha kumenya ndizi nasikiliza.

Siku moja akaja na chupa yake ya chai. Kumbe alikuwa amekutana na Zuhura, akaelezwa. Akamimina vikombe viwili, akanywa, akakunja uso.

"Chungu hii! Umeinywa masika yote?"

"Peke yangu."

"Basi sogea nikae."

Tuliinywa hivyo miaka mingi, hadi Bwana alipomchukua. Jioni zikifika naitamani. Si ile ya sukari, naitamani ile chungu yake.

Kisukari ninacho bado. Lakini miguu yangu ni hii hapa, yote miwili, naikagua kila asubuhi kama Zuhura alivyonifundisha. Ndaga, Bwana wangu, asante.

Wewe unayeficha ugonjwa kwa kuogopa kukosana na watu, mwamini Mungu, useme. Wakikuacha, njoo kwangu jioni. Chai yangu haina sukari, na kikombe cha pili bado nakiosha.