Niliposaini Kwamba Wenzangu Si Mafundi

Bandugu, batata na bamama, asanteni kwa kunipa nafasi ya kusimama kutoa ushuhuda. Waliotangulia wameleta furaha. Yangu ni nzito, mnivumilie. Jina la mtu sitataja, ila langu mnalijua.

Mimi ni mwashi. Tulikuwa tunajenga nyumba za wafanyakazi upande wa migodi ya Tenke, chini ya kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa. Wenzangu wakanichagua niwe delege, mjumbe wao wa sindika, chama chetu cha wafanyakazi. Shida yetu ilikuwa moja: kwenye mikataba, karibu sote tuliandikwa manevri, mtu wa kubeba tu. Unapanga matofali, unafunga vyuma, unapiga lipu, lakini karatasi inasema unabeba. Na mshahara unafuata karatasi. Tukawaandikia wabunge watie kwenye sheria kwamba kila mtu aandikwe kazi anayoifanya, na alipwe kwa daraja la kazi hiyo. Wakakubali kuja kutusikiliza.

Kabla hawajafika, mkubwa wa shantiye, pale tulipojenga, akaniita.

"Tata delege, uko na batoto. Nafasi ya kapita, ya kusimamia bengine, iko wazi. Saini hapa tu."

Karatasi ilisema wale watu si mafundi, ni wasaidizi, na hawana lalamiko. Ndugu zangu, nawaambia, sikushikiwa panga. Nilisaini. Wabunge walipokuja wakaonyeshwa saini ya delege mwenyewe, wakarudi.

Nilikuwa na rafiki pale, tulitoka naye kaskazini tukiwa vijana. Hakuna aliyenyoosha ukuta kama yeye. Alikuja nyumbani kwangu, hakuketi.

"Kumbe mi siko masoni, siko mwashi? Na hii nyumba unalala, nani alijenga?"

Nikamjibu, "Ni karatasi tu, ndugu yangu."

Wiki ile ile aliacha shantiye, akaenda kuchimba madini kule Mutoshi. Mvua ikanyesha, shimo likaanguka. Walimtoa siku ya tatu.

Kwenye matanga nilikaa mbali na watu. Mjane wake akanifuata. Hakupiga kelele.

"Tata, ku komine, ku biro ya serikali, banauliza kazi yake ilikuwa nini, baandike kwa karatasi ya kifo. Mi niseme nini? Si ni we njo ulisaini."

Nikasema, "Mwashi, mama. Alikuwa mwashi."

"Basi enda ubaambie na bale badepite ba bunge."

Sikwenda. Hapo mnisikilize vizuri, maana wengi hudhani mtu akiguswa moyo anainuka siku hiyo hiyo. Mimi nilikunywa lutuku, pombe yetu kali, miezi mingi, mpaka mke wangu akawa ananifungia mlango. Mama mmoja wa sindika, fundi wa umeme, ndiye aliyekuja kunichukua asubuhi moja. Alinisubiri mpaka nikanawa uso.

"Badepite beko hapa muji. Kilio yako haiandike kitu. Twende."

Nilisimama mbele yao. Nikasema, "Ile saini ni yangu, na ni ya uongo. Wale ni mafundi. Mmoja wao tumemzika." Mbunge mmoja akaweka kalamu chini. Kesho yake cheo changu cha kapita kikaniponyoka.

Ombi letu walilichukua. Mpaka leo halijapigiwa kura. Tunaenda, tunangoja, tunarudi. Ila mkaguzi wa kazi alifika shantiye, na mikataba ikaandikwa upya: mwashi, seremala, fundi vyuma. Wenzangu wakashangilia. Mimi nilienda nyuma ya ukuta nikalia, kwa sababu jina moja halikuwamo.

Nawashukuru ninyi mlionirudisha kati yenu bila kunitemea mate. Namshukuru yule mama wa sindika, na mke wangu aliyefungua mlango tena. Mjane sijui kama amenisamehe, na sitamwuliza. Amebeba vya kutosha. Na wewe utakayechaguliwa kesho kuwasemea wenzako, sikia: mkono wako si wako tena. Wakikuletea karatasi, nenda kwanza ukawasomee.