Nusu Gawanya kwa Robo

Mwaka ule watu walipokuwa wakinunua mashamba ya wazungu, Wacera alipanda basi kutoka Eldoret kwenda Kiplombe, akaketi nyuma ya watu wawili wasiojuana: Mzee Wanyoike, na Jeruto, mwalimu kijana aliyebeba madaftari ya wanafunzi mapajani.

“Mwalimu,” mzee aliuliza, “huko ngumbaru tunakosomea sisi wazee, tumefika kugawanya. Nusu gawanya kwa robo ni ngapi?”

“Ni mbili, Mzee.”

“Si nilijua!” Mzee akajipiga goti. “Fungu langu kwa shamba la kikundi ni nusu ekari. Nimeigawanya kwa robo, ikawa ekari mbili. Nimeshawaambia wake zangu kila mmoja ana ekari yake.”

Wacera, ambaye naye alikuwa na mke mwenza nyumbani, akatega sikio vizuri.

“Mzee,” Jeruto akauliza, “ukikata nusu mkate robo robo, unapata vipande vingapi?”

“Viwili.”

“Na mkate umeongezeka?”

Mzee akatikisa kichwa. “Lakini hesabu imesema mbili. Hesabu haidanganyi.”

“Haijadanganya. Imehesabu vipande. Kila mama atapata robo ekari.”

Basi likasimama. Kando ya barabara wanawake wawili walikuwa wakimngoja mzee, kila mmoja na jembe jipya begani, wakicheka pamoja. Wacera alijua wake wenza hawacheki hivyo bure.

“Mwalimu,” mzee akasema polepole, “shuka na mimi kidogo, uwaeleze wewe.”

“Mimi nashukia mbele, Mzee,” Jeruto akajibu, akasogeza miguu ili mzee apite.