Shuka la Watu Wawili

Sogezeni viti wanangu, na wewe Meneja, mwanangu mkubwa, weka hiyo simu mfukoni, wateja watasubiri. Leo ulimi wangu umekubali kuamka, kesho sijui utaamkaje, kwa hiyo nisikilizeni hadi mwisho, wala msinikatize nikikwama, maana nikikwama natafuta neno, sijalala.

Hili duka la udobi mmelijua tangu utotoni. Mmelala kwenye makapu ya nguo safi, mmejifunza kutembea mkishikilia miguu ya meza ya pasi. Mimi nilikuwa nakunja mashati huku nagombana na marehemu baba yenu na mkunjo haukosei. Kisha siku moja nikashika shati la yule mwalimu wa jirani, nikalitazama kama kitu ambacho sijawahi kukiona. Mikono ikagoma. Wateja wakaanza kurudisha nguo zimekunjamana, nawe Meneja ukamfukuza Mama Kola ukidhani uzembe ni wake, kumbe mvurugaji ni mama yako mzazi. Mrudishe kazini, na umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, usitume mtu.

Halafu nikaanza kuanguka. Wengine wakasema kifafa, wengine wakasema nakunywa, mimi ambaye hata soda inanipanda kichwani. Hivyo hivyo walimsema babu yenu mzaa mama, akafa na jina la mlevi. Yule daktari wa neva, binti mpole mwenye miwani, aliponiona nimeduwaa mbele ya maelezo yake akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nakunja nguo. Akacheka, akasema basi tutaelewana.

Alisema neva hazigusani. Baina yao pana mwanya mdogo, wenyewe wanauita sinapsi, na ujumbe huvuka pale kwa kemikali iliyofungwa kwenye vifuko vidogo mno. Kifuko kinapotakiwa kumwaga mzigo wake, kuna protini zinazokivuta hadi ukingoni na kukifungua. Lakini protini hizo ni kama shati, zikitumika huvurugika, na zisipokunjwa vizuri hazifai kwa safari nyingine. Kazi ya kuzikunja ni ya protini walezi. Hawa hawabebi ujumbe wowote, wao kutwa wanawatunza wanaobeba. Sasa mlezi mmoja kwangu ana kasoro, nimeirithi kwa babu yenu. Badala ya kukunja, anagandana na wenzake, na neva zinanyauka taratibu. Miaka ya ujana alijikongoja, utu uzima ulipoingia akashindwa, na dawa ya kumtengeneza bado haijapatikana. Nililia siku ile, siwafichi, ila nusu ya machozi ilikuwa furaha kwamba baba yangu hakuwa mlevi.

Kasoro hiyo mzazi anaweza kumpa mtoto au asimpe, nusu kwa nusu. Meneja, wewe umekataa kupimwa, na ni haki yako, asikulazimishe mtu. Mdogo wako amepimwa. Ameniruhusu niseme mbele yako, kwa sababu kila akijaribu kukuambia unabadilisha mazungumzo. Anayo. Usiinuke, baba, kaa chini. Kaa. Leo hana neno, mikono yake ni mizima kuliko yako, na huenda akakaa hivyo miaka mingi. Lakini nimesikia mpango wako wa kuuza duka, kila mtu achukue chake ashike njia yake. Yeye atashika njia ya wapi, na siku shati litakapomshinda nani atakuwa karibu wa kuona?

Basi duka lisiuzwe. Ni lenu nyote wawili, na atakayeugua haki yake isipungue hata kidogo. Siku mikono yake ikigoma, usimfokee mbele ya wateja, wala usimfungie chumba cha nyuma. Mpeleke kwa daktari, mpe kazi anayoiweza, na jioni mkunjie kilichomshinda bila kumtangazia. Nawe kitinda mimba wangu, ukikunjiwa, kubali. Nakijua hicho kiburi chako, umekitoa kwangu. Na nikifa, ubongo wangu apewe yule binti daktari, amtazame vizuri huyo mlezi mkorofi. Nimeshampa ahadi. Mwili wote uliobaki nizikeni kando ya baba yenu.

Nimechoka. Nipeni kile... cheupe, cha kitandani. Neno limenitoka. Shuka. Hilo hapo kwenye rafu, halijakunjwa. Shuka kubwa namna hiyo mtu mmoja hakunji, litaburuta chini. Meneja, shika pembe zako. Nawe kitinda mimba, mama, shika zako. Vuteni. Sasa mfuate mdogo wako... mkutane katikati. Hivyo. Mungu awaweke, wanangu. Awape... mikono. Likivurugika...

Likivurugika, likunjueni kwanza. Mkunje tena, niwaone.