Mayu Kwandu na Namba Iliyofungua Mlango

Ifikapo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, Bi. Kwandu Shigela atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi mitano ya utumishi katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Saa kumi jioni atakabidhi ufunguo wa kabati la Kitengo cha Kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1974 kiwanda kitaingia msimu bila yeye. Wengine tumeshaanza kuogopa.

Bi. Kwandu, ambaye sote humwita Mayu, yaani mama, alizaliwa Binza, Maswa, katika nyumba ya wakulima wa pamba na mpunga. Aliajiriwa kama karani wa mizani. Ushirika ulivunjwa yeye yupo, ukarudishwa yeye yupo, na soko huria lilipoingia na kiwanda kikapata mmiliki mpya, watu wengi walipunguzwa lakini yeye akabaki. Sababu ni moja. Mmiliki alikuwa ameleta mashine ya kufunga marobota iliyokwisha kutumika ng'ambo, ikiwa na kompyuta yake na kitabu kinene cha maelezo, na Mayu ndiye mtu pekee aliyekisoma kitabu hicho hadi ukurasa wa mwisho.

Mwaka 1996 akapelekwa Dar es Salaam kwa miezi tisa kujifunza kuandika programu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, darasani na watoto waliomwita bibi. Alirudi akiwa wa pili. Hajawahi kutuambia wa kwanza alikuwa nani, ila inaonekana bado hajamsamehe.

Kazi iliyompa jina ni kukagua draiva. Kwa wasomaji wetu wa zamu ya kuchambua na wa ghalani, draiva ni programu ndogo inayokaa katikati ya kompyuta na mashine na kufikisha habari kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ikikosea, kompyuta itaamini uongo na kuamuru kwa uhakika kabisa. Kwa hiyo Mayu aliweka sheria yake: badiliko lolote la draiva, hata la mstari mmoja, lazima lichapwe kwenye karatasi na lilale mezani kwake siku moja nzima kabla ya mashine kuruhusiwa kufanya kazi nalo. Fundi atakuja na haraka zake, atajibiwa “Mwangaluka”, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, atakaribishwa chai isiyo na sukari, na badiliko lake litalala. Hata utani kwake hulala. Ukimchekesha Jumatatu, atacheka Jumanne, tena peke yake, akiwa anasoma jambo lingine.

Sifa zake zilivuka wilaya. Mzee mmoja alitoka Mwanhuzi kwa baiskeli baada ya kusikia kwamba kuna mama Bariadi anayesikia maneno ya mashine, akaomba amsikilizie na ng'ombe wake saba waliopotea. Mayu hakumcheka. Alimkalisha, akamuuliza maswali mengi, mara ya mwisho walionekana wapi, nani aliwachunga, walikunywa maji saa ngapi, na mzee akaondoka akiwa ameshajua mwenyewe pa kuwatafuta. Watano walipatikana. Mbuzi aliyeletwa kama shukrani tulimla sisi wa ofisini, Mayu akala maharage yake kama kawaida.

Lakini wasifu huu ungekuwa hauna haya kama usingesimulia Julai 2001. Meneja wetu, Bwana Fredrick Mayala, ameruhusu kisa kiandikwe kama kilivyokuwa, na kwa hilo tunamheshimu.

Kompyuta iliyokuja na mashine ya marobota ilikufa wiki ya kwanza ya msimu. Ikanunuliwa mpya, ya aina nyingine, na fundi mmoja wa kitengo akapewa kazi ya kuibadili draiva ili ipatane nayo. Kila kitu kilitegemea mlango wa mashine. Pamba ikishindiliwa ndani, kompyuta husoma geji ya mgandamizo. Namba ikiwa chini ya tano, mlango hufunguka; ikiwa juu ya hapo, hubaki umefungwa. Mbele ya mlango huo husimama Constantine Ngassa na nyaya zake za kufungia, kifua kikiwa hatua moja kutoka kwenye chuma.

Fundi alifanya majaribio mbele ya meneja. Mashine ikiwa tupu, geji ikiwa sufuri, mlango ulifunguka. Pamba nusu ikashindiliwa, mlango ukagoma kufunguka, kama inavyotakiwa. Ikalegezwa hadi sufuri, ukafunguka tena. Watu wakapiga makofi. Nje, malori ya pamba yalikuwa yamejipanga kutoka getini hadi barabara kuu, madereva wanatishia kupeleka mzigo kwa kampuni jirani, kwa maana enzi za soko huria mkulima hasubiri mtu. Meneja akataka saini ya Mayu saa hiyohiyo.

Mayu akasema karatasi itakaa mezani kwanza.

Tulidhani ni ukaidi wa uzee. Meneja alimpa hadi saa sita mchana asaini, au akabidhi funguo aende nyumbani. Mayu alizitoa funguo kwenye pindo la kitenge, akaziweka taratibu juu ya meza ya meneja, akarudi kwenye kiti chake na kuendelea kusoma. Alikuwa amebakiza miaka mitano astaafu. Mume wake alikuwa mgonjwa, na wajukuu wanne walikuwa wanakula kwake.

Alichokuwa akitafuta ni kitu kimoja, na aliwahi kutufundisha sote. Baiti moja, yaani kile kifurushi kidogo kinachobeba habari, hubeba namba hadi 255 tu. Kuanzia 256 zinahitajika baiti mbili: moja, ndiyo kubwa, inahesabu mafungu ya 256, nyingine, ndogo, inabeba kilichobaki. Mashine nyingine hutanguliza ile kubwa, nyingine hutanguliza ndogo, na hakuna inayokujulisha. Ndiyo maana swali lake kwa kila kifaa lilikuwa lilelile, kama anayepokea wageni mlangoni: “Nani katangulia, mkubwa au mdogo?” Mashine yetu hutanguliza mkubwa. Kompyuta mpya ilimdhania aliyetangulia kuwa mdogo. Na katika kurasa zote za draiva ile iliyochapwa hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuwapanga upya.

Basi mbona majaribio yalifaulu? Hapo ndipo sisi wengine tungesaini tukaenda kula. Mayu alichukua karatasi akaandika kila namba ya geji kwa mkono, na pembeni yake namba ambayo kompyuta mpya ingeisoma. Sufuri hata ukiigeuza inabaki sufuri. Moja ingesomeka 256, mbili ingesomeka 512, na kuendelea hivyo hadi 255, zote zikiwa kubwa mno, kwa hiyo mlango ungebaki umefungwa na kila mtu angeridhika. Robota kamili hufika 256, yaani fungu moja na baki sufuri. Alipofika kwenye mstari huo aliandika: moja. Na moja iko chini ya tano.

Alisimama, akaenda kiwandani, akamshika Constantine mkono na kumwondoa mahali pake kama mama anavyomwondoa mtoto kwenye moto. Pale aliposimama Constantine akaagiza pawekwe gunia la mbegu za pamba. Kisha akaomba mashine ishindilie robota kamili. Meneja, namshukuru Mungu, alikubali.

Geji ilipanda ikiwa kimya. Ilipogusa 256 mlango ulifyatuka kwa mshindo uliosikika hadi kwa madereva nje, na lile gunia halikuonekana tena kama gunia. Mbegu zilikuwa darini, zilikuwa kwenye nywele zetu. Constantine alikaa chini sakafuni akaomba maji.

Nimeona wasomi na wakubwa wengi wakija kiwandani humu na magari yao. Sijaona tena kitu kama kile, mtu kukiona kifo cha mwenzake ndani ya safu ya namba alizoziandika kwa kalamu ya risasi.

Meneja alimrudishia funguo kwa mikono miwili, mbele ya zamu nzima, akamwomba radhi. Halafu akauliza ni nani aliyeandika draiva ile. Mayu akamjibu, “Ni kazi ya ofisi, baba. Mimi ndiye mkaguzi, niulize mimi.” Kwenye daftari la ukaguzi aliandika “imerudishwa” bila jina. Yule fundi alikuwa ameshafungasha nguo atorokee Mwanza. Mayu alimkalisha kando yake juma zima, akasahihisha naye mstari kwa mstari, wala hakumtaja kwa mtu yeyote.

Rasimu ya wasifu huu ilipelekwa kwa Mayu ahakikishe tarehe. Tarehe zote alizipitisha. Alifuta jina moja tu, akaandika juu yake “fundi mmoja wa kitengo”, na hapo juu nimeliacha hivyo kwa kumtii. Lakini kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayekalia kiti chake, na kiti hicho hakikaliwi na mtu anayejificha. Fundi yule ni mimi.

Mayu, Constantine yupo na watoto wake, nami nina kazi na usingizi. Asante kwa yote mawili. Nenda ukapumzike Binza kwa amani, ule mpunga mpya, ucheke utani siku ileile unapotolewa. Sisi sote tunakutakia afya na miaka mingi. Asante sana, wabeja sana.

Josia Malimi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote